Nani Anasema Ndani ya Jina? Uhakiki wa Majina ya Huduma za Kidijitali Mwanza na Kandokando ya Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala hii inahakiki majina ya huduma za kidijitali za fedha, biashara na afya yanayosikika Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: nani anasema ndani ya jina? Majina yamesomwa kama matini fupi kwa kutumia mofolojia ya Kiswahili pamoja na Nadharia ya Matendo Uneni. Makala inajenga hoja kwamba upya wa majina haya hautokani sana na kubuni maneno mageni. Unatokana na kuichukua sarufi ambayo msemaji tayari anayo na kuifanyisha kazi ya kibiashara. Imebainika kuwa kiambishi M- kiliingia kama kifupisho cha Kiingereza, lakini kinapokelewa na masikio yaliyozoea ngeli. Imebainika pia kuwa majina ya huduma za mikopo humpa mkopaji maneno ya kuomba msaada, huku mkopeshaji akibaki kimya na bei ya mkopo ikikosa mahali pa kutajwa. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kuwa jina la mkopo lihesabiwe kuwa sehemu ya masharti yake.

Istilahi muhimu: majina ya kibiashara, ngeli, matendo uneni, mikopo ya kidijitali, Mwanza

1.0 Utangulizi

Kampuni changa za intaneti zina desturi ya kujipa majina yasiyo ya kawaida. Sababu ya kwanza ni uhaba wa anwani. Anwani fupi zinazoishia na .com ziliwahiwa mapema, na waanzilishi waliokuja baadaye wakalazimika kuvuruga tahajia ya maneno yaliyozoeleka. Flickr, iliyoanza mwaka 2004, iliacha irabu moja. Tumblr, ya mwaka 2007, ikafuata njia hiyo. Kabla yao, jina Google lilipatikana kwa kubadili tahajia ya googol, neno la hisabati linalotaja tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 100. Sababu ya pili ni ya kisheria. Alama ya biashara inayoeleza bidhaa moja kwa moja ni vigumu kusajiliwa, kwa kuwa haimtofautishi mwenye mali na washindani wake. Nchini Tanzania suala hili linaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na msajili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Kwa hiyo kampuni husukumwa na nguvu mbili zinazopingana: msajili anataka jina la pekee, ilhali mteja anataka jina analolielewa.

Njia ya kudondosha irabu haiwafai wanaozungumza na mteja kwa Kiswahili. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Irabu ikiondolewa, neno hupoteza silabi na huenda lisitamkike kabisa. Hivyo basi, kampuni zinazolenga soko la Kiswahili zimelazimika kuutafuta upekee mahali pengine. Makala hii inaonesha kuwa mahali hapo ni sarufi.

Mwanza inafaa kwa uhakiki wa namna hii kwa sababu mbili. Kwanza, jina la huduma husikika kabla ya kusomwa. Huduma nyingi hufikiwa kwa menyu ya namba, kama *150*00# ya M-Pesa, wala mwenye simu ya kitochi haoni alama yoyote ya programu kwenye kioo chake. Jina hutamkwa kwenye dirisha la wakala, kwenye mwalo wa Kirumba, stendi na kivukoni. Pili, Kiswahili hapa ni lugha ya kukutanisha watu ambao wengi wana lugha nyingine nyumbani: Kisukuma, Kikerewe, Kizinza, Kijita, Kikara na Kijaluo. Isipokuwa Kijaluo, lugha hizo ni za Kibantu na zina mfumo wa ngeli. Sikio linalolipokea jina jipya ni sikio linalotarajia kiambishi na upatanisho wa kisarufi.

Aidha, swali la nani anataja na nani anatajwa si geni katika eneo hili. Mwaka 1858 John Hanning Speke aliliona ziwa akiwa upande wa Mwanza na akalipa jina la malkia wa Uingereza, ingawa Waganda walikuwa wakiliita Nalubaale na Wajaluo wakiliita Nam Lolwe. Jina la Speke ndilo lililokaa kwenye ramani. Sokoni mambo yalikwenda vingine. Samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20 anaitwa sangara Tanzania, mbuta Kenya na mputa Uganda. Wadogo wanaoanikwa mchangani ni dagaa Mwanza, omena Kisumu na mukene Kampala. Hapo waliotoa jina ni wavuvi na wauzaji wenyewe, kila jamii kwa ulimi wake. Majina ya huduma za kidijitali yako kati ya hali hizi mbili: hutoka ofisini Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi, lakini hayaishi mpaka yapite mdomoni mwa mteja.

Makala inaweka pamoja kampuni changa na huduma za kampuni za simu, kwa kuwa mtumiaji hukutana nazo katika simu moja na mara nyingi katika menyu moja. Kinachohakikiwa ni matini ya jina. Ubora wa huduma na mwenendo wa kampuni husika si sehemu ya mjadala huu.

2.0 Misingi ya Uhakiki

Nadharia ya Matendo Uneni, iliyoasisiwa na Austin (1962) na kuendelezwa na Searle (1969), inaeleza kuwa kusema ni kutenda. Anayeahidi, anayeomba na anayeamuru hatoi taarifa tu, bali anabadili uhusiano wake na msikilizaji. Kwa kawaida jina halihesabiwi kuwa tendo uneni, kwa kuwa hudhaniwa kuwa kazi yake ni kurejelea kitu. Dhana hiyo haitoshi katika Kiswahili. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kubeba mtenda, mtendwa, wakati na hali, na hivyo kuwa sentensi kamili. Kampuni inapofanya kitenzi cha namna hiyo kuwa jina, inasajili sentensi.

Utamaduni wa Kiswahili unaitambua hali hii tangu zamani. Maandishi ya kwenye kanga huitwa jina, ingawa mara nyingi ni sentensi nzima, tena yenye mlengwa. Anayevaa kanga humsemesha jirani, mke mwenza au mume bila kufungua kinywa. Kwa hiyo jina linalosema si uvumbuzi wa wataalamu wa matangazo. Kinachotofautiana ni kwamba mvaaji wa kanga huchagua maneno yake dukani akijua anamlenga nani, ilhali mtumiaji wa huduma ya simu huyatamka maneno aliyochaguliwa na mwenye huduma.

Kutokana na msingi huo, kila jina limeulizwa maswali manne. Nani msemaji ndani ya jina? Anamwambia nani? Anatenda tendo gani kwa kusema? Na nini kimeachwa bila kusemwa?

3.0 Herufi M na Ngeli za Kiswahili

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 chini ya Safaricom, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Herufi M ni kifupisho cha neno la Kiingereza linalorejelea simu ya mkononi. Kwa mwanzilishi, jina hili ni muungano wa lugha mbili: kifupisho kigeni na nomino iliyozoeleka. Kwa msikilizaji wa Kiswahili hali ni tofauti, kwa sababu m- ni miongoni mwa viambishi vyake vya msingi. Ndicho kinachoanzisha mtu, mkulima na mvuvi katika ngeli ya A-WA, na mti, mto na mkono katika ngeli ya U-I.

Hata hivyo, sarufi ya wasemaji haikuimeza M-Pesa moja kwa moja. Husemwa "M-Pesa imegoma". Hakuna asemaye "amegoma" wala "umegoma". Jina limewekwa katika ngeli ya I-ZI, pamoja na pesa yenyewe na maneno mengi ya mkopo. Maana yake ni kwamba msemaji anasikia m- lakini anaikataa hadhi ya kiambishi. Mvutano huu mdogo ndio unaolifanya jina liwe la pekee: ni geni kiasi cha kusajilika na jepesi kiasi cha kutamkika na kila mtu. Haishangazi kwamba mtindo wake uliigwa. Kampuni ya M-Kopa ilianzishwa Kenya mwaka 2011. M-Shwari ikaja Novemba 2012. M-Pawa ikaanza Tanzania mwaka 2014. Majina haya hayana uzito sawa, na matatu yanastahili kusomwa kwa karibu.

La kwanza ni M-Kopa, kampuni iliyoanza kwa kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Likitamkwa, jina hili linakuwa "mkopa". Kiswahili kina nomino nyingi za umbo hilo: mpiga ngoma, mkata kuni, mla nyama. Nomino tendaji yenye kiishio -a hudai kijalizo. Mpiga peke yake hakamiliki mpaka isemwe anapiga nini. Vivyo hivyo, mkopa huacha pengo: anakopa nini, na kwa bei gani? Aidha, anayetajwa ni mkopaji. Kampuni inayokopesha imejiita kwa jina la mteja wake.

La pili ni M-Koba, huduma ya Vodacom Tanzania kwa vikundi vya kuweka akiba, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na benki iliyokuwa ikiitwa TPB. Hili ndilo jina lenye historia nzuri kuliko yote yaliyohakikiwa. VICOBA ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini. Wasemaji walikisikia kifupisho hicho kama nomino ya wingi ya ngeli ya KI-VI, wakatoa umoja wake: kikoba. Umoja huo haukutungwa na mfadhili wala mtaalamu. Ulitungwa na wanavikundi wenyewe, kwa kuwa sarufi yao iliudai. Bahati ikawa kwamba kikoba pia ni mkoba mdogo, na mkoba ndicho kitu ambacho mtu hutunzia fedha. M-Koba likaja kuchukua hatua ya mwisho: kiambishi cha kampuni kikakutana na shina lililozalishwa na wanakikundi, na matokeo yake ni neno halisi la Kiswahili. Upatanisho pekee ndio unaotenganisha vitu hivyo viwili: mkoba umejaa, M-Koba imejaa. Jina hili limefaulu kwa sababu kazi kubwa ya ubunifu ilikuwa imekwisha kufanywa na wanavikundi.

La tatu ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Mfumo huu una asili katika Kanda ya Ziwa: majaribio yake yalifanyika Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mhudumu wa afya au ndugu hupiga namba 115 bila malipo. Kituo hupima hali na kutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii anayelipwa kwa simu pale ambapo gari hilo halipo karibu. Likitamkwa, jina linakuwa "mmama", umbo ambalo walimu wa Kiswahili sanifu hulikosoa na kupendekeza "mama" au "mwanamke", lakini ambalo mitaani hutumika kila siku pamoja na wingi wake, wamama. Ndani ya jina hili hakuna kitenzi, hakuna ombi wala amri. Linamtaja mlengwa kwa neno la heshima na kuishia hapo. Hakuna kilichofichwa, kwa kuwa hakuna anachodaiwa.

Tofauti kati ya M-Kopa na m-mama inaonesha kuwa kiambishi kilekile hakina maadili yake chenyewe. Kinachoamua ni shina linalofuata na uhusiano ambao shina hilo linaujenga kati ya mwenye huduma na mtumiaji.

4.0 Majina ya Kitenzi na Sauti ya Mwombaji

Kundi la pili ni majina yaliyo vitenzi. Ni vyema kuanza na yale ya biashara, kwa kuwa yanatoa kipimo cha kulinganishia. Ninayo lilikuwa jina la jukwaa la Tanzania la kuuzia mazao. Ni jibu la muuzaji aliyeulizwa kama ana mahindi, na kirejeshi -yo kinapatana barabara na mahindi. Msemaji ni muuzaji, anamwambia mnunuzi, na tendo lake ni kutangaza alicho nacho. Kupatana, jina la tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua, lina kauli ya kutendana. Hakuna anayeweza kupatana peke yake. Jina lenyewe linadai watu wawili na bei iliyojadiliwa. Katika majina haya mawili, pande za biashara zinaonekana.

Majina ya mikopo hayako hivyo. Nivushe lilikuwa jina la mkopo uliotolewa kupitia Tigo Pesa. Nipige Tafu ni jina la huduma ya Vodacom ya kukopa muda wa maongezi, likitumia msemo wa mitaani wenye maana ya kusaidia. Katika majina yote mawili kuna kiambishi ni- cha yambwa na kiishio -e. Kisarufi ni kauli ya kuagiza. Kimatumizi ni ombi. Msemaji ni mteja. Anayeambiwa ni kampuni. Tendo ni kuomba msaada.

Hapa ndipo tatizo la kihakiki linapojitokeza. Kukopa kwa riba au kwa ada ni kununua: mtu ananunua matumizi ya fedha kwa muda fulani. Mnunuzi ana haki ya kuuliza bei, kulinganisha na kuondoka. Mwombaji hana haki hiyo. Mwombaji anayeuliza bei ya msaada anaonekana hana adabu. Jina linapomweka mteja katika nafasi ya mwombaji, linabadili tendo uneni kabla hata masharti hayajasomwa. Masharti yanaweza kuwepo kwenye menyu au kwenye ujumbe mfupi unaofuata. Hoja ya makala hii ni kwamba hayamo ndani ya jina, na jina ndilo linalotembea mdomoni.

Uzito wa Nivushe unaonekana zaidi linaposomwa kando ya ziwa. Kuvushwa, katika matumizi ya kila siku, ni sitiari ya kusaidiwa kupita kipindi kigumu. Mwanza neno hili bado lina maji ndani yake. Kwa miaka mingi wasafiri wa kwenda Sengerema na Geita walivushwa kwa vivuko kati ya Kigongo na Busisi, mpaka daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa mwaka 2025. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Katika eneo lenye kumbukumbu hizi, kumwambia mtu "nivushe" ni kukabidhi maisha.

Lakini kivukoni kuna jambo ambalo jina la mkopo halina: nauli. Abiria huijua nauli kabla chombo hakijang'oa, hulipa, hupewa tiketi na hushuka ng'ambo akiwa hadaiwi. Anayevushwa na mkopo hufika ng'ambo akiwa na deni. Sitiari imechukua nusu ya uzoefu wa kuvuka, ile ya kuokolewa, na kuiacha nusu ya pili, ile ya kulipa.

Majina mengine ya mikopo yana mwelekeo huohuo wa maji na uokozi. Okoa Jahazi, la Safaricom, linalinganisha simu iliyoishiwa muda wa maongezi na chombo kinachozama. M-Shwari linatumia neno la mabaharia kwa maji yaliyotulia. Linaahidi hali ya baada ya dhoruba bila kutaja gharama ya kuifikia. Ni majina mazuri, na uzuri wake unatokana na hazina ya sitiari ambayo watu wa pwani waliijenga kwa karne nyingi. Uzuri huo ndio unaofanya uhakiki uwe wa lazima, kwa kuwa sitiari inayovutia ndiyo inayohojiwa kwa nadra.

Songesha la Vodacom Tanzania na Fuliza la Safaricom, iliyoanza Januari 2019, yana muundo tofauti kidogo. Yote mawili humwezesha mteja kukamilisha malipo salio linapopungua. Hayana kiambishi cha yambwa, na msemaji wake hajulikani kwa uhakika. Je, ni mteja anayeiambia kampuni, au ni kampuni inayomwambia mteja? Utata huu una faida kwa mwenye huduma: amri ya kuendelea kutumia inaweza kusikika kama ushauri ambao mtu anajipa mwenyewe. Fuliza lina jambo la ziada. Katika kamusi, kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kupumzika. Halikuwa neno la kila siku. Kampuni ilipolichukua, wasemaji wa Kenya wakalirudisha katika mazungumzo kwa maana mpya: kufuliza sasa ni kutumia fedha usizo nazo. Maana ya kamusi ilibaki ikinong'ona chini yake, na katika huduma inayotoza ada kwa kila siku ambayo deni halijalipwa, neno "mfululizo" linasema ukweli ambao huenda mtunzi wa jina hakuukusudia.

Ukiyaweka majina haya pamoja, jambo moja linajirudia. Mkopaji anaomba, anaokoa, anasongesha, anafuliza. Mkopeshaji hasemi lolote. Hakuna jina lenye kitenzi chenye maana ya kukopesha, kudai au kurejesha. Lugha ya Kiswahili inatofautisha waziwazi kukopa na kukopesha. Majina ya huduma yameitumia nusu moja tu ya tofauti hiyo.

5.0 Majina Yasiyosema

Upande wa pili wa mjadala ni majina yasiyo na maana ya wazi katika Kiswahili. Mfano mzuri ni Tala. Kampuni hii yenye makao yake Marekani iliingia Kenya kwa jina la Mkopo Rahisi kabla ya kulibadili. Jina la awali lilikuwa na kasoro yake: rahisi ni jepesi kupatikana, na pia ni la bei nafuu, na mteja angeweza kusikia maana ya pili wakati mwenye huduma anakusudia ya kwanza. Pamoja na hayo, lilitaja neno mkopo. Badiliko la kwenda Tala lilileta silabi mbili tamu zinazovuka mipaka ya nchi kwa urahisi, lakini neno mkopo likatoka jinani.

Mwaka 2024 hali kama hiyo ilitokea Tanzania, Tigo ilipobadilika kuwa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Kwa macho ya sarufi, jina jipya linaenda kinyume na kila kanuni iliyoelezwa hapo juu. Herufi x haimo katika alfabeti ya Kiswahili, achilia mbali x mbili. Maneno Mixx na Yas yanaishia na konsonanti. Na pesa, neno lililokuwa likieleza huduma, limeondoka. Faida ya jina la aina hiyo ni kwamba linaweza kutumika katika nchi nyingi bila kubadilishwa. Hasara yake ni kwamba msemaji hapewi chochote cha kushika, na hulazimika kuongeza irabu ili litamkike.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa jina lisilo na maana hubaki hivyo. Tigo lenyewe liliingia sokoni bila maana katika Kiswahili, kisha lugha ya mitaani ikalipa maana ya pembeni ambayo adabu hairuhusu kuifafanua hapa. Kwa upande mwingine, Jiji, tovuti ya biashara iliyoanzia Nigeria mwaka 2014 na kuingia Tanzania baada ya kuchukua shughuli za OLX mwaka 2019, ilikuta neno lake tayari limo katika Kiswahili, likiwa na maana inayofaa: mji mkubwa. Mifano hii miwili inaonesha kuwa pengo la maana hujazwa na wasemaji, na mwenye jina hana uwezo wa kuamua litajazwa na nini.

6.0 Jina la Kujibu

Hoja inayoweza kutolewa dhidi ya uhakiki huu ni kwamba watumiaji si wajinga. Wanajua kuwa Nivushe ni mkopo na kwamba mkopo una bei. Hoja hiyo ni sahihi, na ushahidi wake ni jina ambalo halikusajiliwa na kampuni yoyote: kausha damu. Ndivyo Watanzania wanavyoiita mikopo ya masharti magumu, ya mitaani na ya kwenye simu. Muundo wake ni kitenzi na nomino, sawa kabisa na Okoa Jahazi. Kinachobadilika ni mtenda. Katika Okoa Jahazi aliyeitwa ni mwokozi. Katika kausha damu mtenda ni mkopeshaji, na anayetendwa ni mwili wa mkopaji. Sauti iliyokosekana katika majina rasmi imepatikana hapa: mkopeshaji ametajwa kwa tendo lake.

Neno hili lilitoka mitaani likaingia katika mjadala wa kitaifa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa mtandao bila leseni. Hatua hiyo ilihusu leseni na ulinzi wa mlaji, haikuhusu isimu. Hata hivyo, miongoni mwa majina yaliyoorodheshwa yamo yaliyojengwa kwa maneno pesa na mkopo, maneno yaleyale yaliyojengewa imani na huduma zenye leseni. Hapa ndipo ukaribu wa jina la Kiswahili unapoonesha hatari yake. Sarufi haina mmiliki. Muundo uliofundisha umma kuamini unaweza kutumiwa na yeyote, na mkulima wa pamba wa Magu au mchuuzi wa dagaa wa Ukerewe hana namna ya kutambua kwa sikio lipi lina leseni na lipi halina.

Kausha damu pia linaweka mpaka wa madai ya makala hii. Jina rasmi humpa mteja maneno, lakini halimnyimi maneno mengine. Tatizo ni wakati. Jina la kampuni hutamkwa kabla ya kukopa. Jina la kujibu hutungwa baada ya kuumia.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa majina ya huduma za kidijitali yanayosikika Mwanza na kandokando ya ziwa hupata upekee wake kwa njia tofauti na ile ya kuvuruga tahajia. Kiambishi M- kimefanikiwa kwa kusimama mlangoni mwa ngeli bila kuingia ndani. M-Koba limefanikiwa zaidi kwa kuwa lilijengwa juu ya neno lililokwisha kutungwa na wanavikundi. Na m-mama limedhihirisha kuwa jina linaweza kuwa karibu na mtu bila kumweka katika nafasi ya mwombaji. Majina ya mikopo, kwa upande wake, yametumia ukaribu huohuo kugeuza ununuzi kuwa ombi, na yamefanya hivyo kwa sitiari za maji ambazo watu wa ziwa wana sababu ya kuzichukulia kwa uzito.

Kutokana na matokeo hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, mamlaka zinazosimamia mikopo ya kidijitali ziliangalie jina la huduma kuwa sehemu ya masharti yake, ili jina linalotumia lugha ya msaada liambatane na bei mahali palepale linapotajwa, kwenye menyu, redioni na ukutani mwa wakala. Pili, taaluma ya isimu ya Kiswahili ipanue uchunguzi wa majina ya kibiashara kutoka kwenye asili ya neno hadi kwenye sarufi ya usemi: nafsi, yambwa, kauli na hali. Kitenzi chenye silabi tatu kinaweza kuamua nani anadaiwa na nani anaonekana mwema. Kivukoni nauli hutajwa kabla ya safari. Hakuna sababu ya kisarufi inayozuia jina la mkopo kufanya vivyo hivyo.